Sarafu ya Lifti

Katika jengo letu, Gldani, kaskazini ya Tbilisi,
lifti haipandi bure. Unaitumbukizia tetri ishirini
kwenye kisanduku cha bati, inakohoa, inakubeba.
Miaka kumi na mmoja mimi nilikuwa tajiri wa sarafu.
Naishi ghorofa ya tisa.

Vidato mia na sitini na viwili.
Nilivijua kama ulimi unavyoyajua meno:
cha arubaini kimemeguka, cha tisini kina kovu la rangi,
na ghorofa ya sita mbwa wa Otari hunusa viazi vyangu
huku nikitweta, nikijifanya natafuta ufunguo.
Majirani wakasema, Tsiala anapenda mazoezi.
Nikasema, ndiyo, daktari kaniagiza.
Njia ya mwongo fupi, husemwa;
yangu ilipanda ghorofa tisa.

Ilianza Februari moja, umeme ulipokatika.
Nilikuwa baina ya ya nne na ya tano,
gauni la bibi harusi limelala mikononi mwangu, jeupe gizani.
Dakika kumi na nne.
Moyo ulinienda mbio, vidole vikafa ganzi,
nikajua, kama mtu anavyojua jina lake, kwamba nakufa
na kwamba nitalikunja gauni la watu.

Sikufa. Ila hofu haikupata habari hizo.

Mume wangu, Mungu amrehemu, aliniambia *tulia*
mpaka neno lile likachakaa kama kiwiko cha koti.
Natela hakulitumia hata mara moja.
Chumba chake kipo juu ya duka la miwani,
viatu vyake vina matope, ni mdogo kuliko binti yangu.
Nilidhani ataniuliza habari za mama.
Akauliza: Ukiingia, kitatokea nini?
Nitakufa.
Kwa njia gani, hasa?

Kwa njia gani, hasa!
Hakuna aliyewahi kuidai hofu yangu maelezo.
Mimi ni mshonaji: mteja akisema *gauni zuri*,
namuuliza, mkono wafika wapi? shingo ya namna gani?
Tukaipima basi, kutoka sifuri hadi kumi,
yeye na kalamu, mimi na aibu.
Hewa itaisha: lakini mlango una upenyo, kidole kinapita.
Moyo utapasuka: lakini hukimbia hivyohivyo
nikipanda na viazi, na sijawahi kuuandikia wosia.

Wiki ya kwanza tulisimama tu mbele ya mlango.
Wiki ya pili niliingia, naye akauzuia kwa mguu. Tisa.
Nilimchukia. Nane.
Ya tatu niliacha kuja, nikasingizia mafua.
Ya nne alinipigia simu, hakuniuliza habari za mafua.
Tukapanda hadi ya pili, tukashuka, tukapanda,
sarafu baada ya sarafu, wazee wawili wakisubiri na kunung'unika,
na mimi naloa jasho, nikihesabu: saba, saba, sita,
saba tena, tano.

Hofu haikuondoka. Nisiwadanganye.
Ni kama kitambaa chekundu cha bei rahisi:
fuo la kwanza linatia damu beseni zima,
la kumi maji yanabaki na waridi kidogo.
Nguo ni ileile. Unaivaa.

Jana nilirudi sokoni na kabichi mbili,
nikapapasa mfuko, nikapapasa mkoba: hakuna hata tetri.
Nikaanza kupanda kwa miguu,
na kwenye kidato cha arubaini, kile kilichomeguka,
nikagundua kwamba nimekasirika.
Sikuogopa. Nilikasirika, kama mtu yeyote
aliyenyimwa lifti yake.
Nikakaa pale pale nikacheka, kabichi moja ikateremka ngazi bila mimi.

Ghorofa ya sita niligonga kwa Otari.
Nikopeshe ishirini, nikamwambia, zimebaki ghorofa tatu.
Akanitazama. Mbwa akanitazama.
Mazoezi je? akauliza.

Nimepona moyo, nikasema, na mlango ukajifunga.
Nne.